Gurudumu la Kabati: Anza na Tundu

Mwaka niliofungua karakana nilimtengenezea mama mmoja wa Tabata kabati la vyombo, refu kunipita, milango ya vioo juu na droo tatu chini. Alikuwa mpangaji, na mpangaji wa Dar es Salaam hajui kodi ya mwakani ataipeleka nyumba gani, kwa hiyo alitaka tairi. Nikamfungia nne nzuri, zenye beringi, bei imesimama. Miezi minane baadaye akahama. Kabati lilipogonga kizingiti cha mlango, gurudumu moja lilibaki ndani na kabati likatoka nje. Nilipoitwa nililikuta gurudumu zima, linazunguka vizuri, bado limeng'ang'ania skrubu zake nne, na kila skrubu imebeba unga wa chipbodi kwenye nyuzi zake.

"Mwanangu," akaniambia, "tairi zako ni nzima. Kabati langu ndilo bovu."

Sikumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tangu siku hiyo sianzi na gurudumu. Naanza na mahali litakapokaa. Gurudumu likiharibika unanunua jingine kwa bei ya chakula cha mchana. Tundu likiharibika umepoteza kona nzima ya kabati. Na kama unataka gurudumu la kutoa na kurudisha, tundu hilo litafunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko unavyodhani, hivyo lazima liwe na nguvu kuliko kitu kingine chochote kwenye samani hiyo.

Mwongozo huu ni kwa fundi anayetaka kazi yake isirudi, na pia kwa mteja anayetaka kujua amwambie nini fundi wake.

Kwa nini litoke?

Gurudumu la kabati lina kazi siku chache tu kwa mwaka: kufagia nyuma kuelekea Idi au Krismasi, kupaka rangi, kufukuza panya, kuhama. Siku zilizobaki linakera. Kitanda chenye magurudumu husogea usiku hata kikiwa na breki. Kabati hutikisika kila droo ikivutwa. Gurudumu laini likisimama miezi na mzigo juu yake hubonyea upande mmoja, na siku ukilisukuma linadunda kama baiskeli yenye rimu iliyopinda. Afadhali samani isimame kwa miguu yake, magurudumu yakae mfukoni, yafungwe siku ya kazi.

Tundu

Kwanza tuelewane kinachovunja. Watu hufikiri ni uzito. Uzito unaoshuka wima si tatizo kubwa, maana mbao nzuri hubeba mgandamizo bila kulalamika. Kinachong'oa ni nguvu ya pembeni: gurudumu linagonga kizingiti, kabati linaendelea, na shina linageuka wenzo wa kupanulia tundu.

Piga hesabu ndogo. Chukua gurudumu lenye kimo cha mm 90 kutoka sakafuni hadi linapoingia kwenye mbao. Likisukumwa kwa upande na nguvu ya kilo 20, na pini imesimama tu ndani ya tundu lenye kina cha mm 15, kuta za tundu hubanwa kwa nguvu inayokaribia kilo 120. Ongeza kina kiwe mm 30, nguvu inashuka hadi kilo 60. Gurudumu ni lile lile, kizingiti ni kile kile. Ulichobadilisha ni kina cha tundu peke yake.

Sasa tazama samani nyingi za dukani. Ubao wa chini ni chipbodi ya mm 16 au 18, na gurudumu limeshikwa na skrubu fupi za mm 15. Chipbodi ni chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikiingia mara ya kwanza inashika. Ukiitoa na kuirudisha inakula tundu lake, na mara ya tatu inazunguka bure. Kwa gurudumu la kutolewa, skrubu ndani ya chipbodi ni kazi iliyokufa kabla haijaanza.

Madukani utakutana na aina tatu za kufungia. Ya kwanza ni gurudumu la bamba, lenye kipande cha chuma chenye matundu manne. Linabeba mzigo vizuri kuliko yote, lakini kulitoa ni skrubu nne kwa kila kona, yaani 16 kwa kabati moja, umelala chali na tochi mdomoni. Ukilazimika kulitumia, achana na skrubu. Toboa ubao mpaka upande wa pili, tumia bolti na nati.

Ya pili ni pini yenye pete ya springi, ile ya viti vya ofisini. Unaisukuma inaingia, unaivuta inatoka. Inavutia, na kwa kiti inafaa kabisa. Kwa kabati, hapana: watu wawili wakilinyanyua kuvuka ngazi, gurudumu huchomoka na kuangukia kidole cha mtu. Hata kwa kiti, pima kabla ya kununua. Pini iliyozoeleka ina kipenyo cha mm 11 na urefu wa mm 22, lakini viti vya IKEA hutumia mm 10. Pini ya 10 kwenye tundu la 11 hudondoka kila kiti kikiinuliwa, na ya 11 kwenye tundu la 10 haiingii hata kwa nyundo. Kwa kiti cha mtumba mtu hulaumu gurudumu, kumbe kosa ni milimita moja.

Ya tatu ni shina lenye nyuzi, kama bolti. Hii ndiyo ninayoitumia. Chukua M10, usichukue M8. Tofauti ya mm 2 inaonekana si kitu, lakini uwezo wa fimbo ya duara kukataa kupinda hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo M10 ina nguvu karibu mara mbili ya M8. Bei haiachani hivyo.

Jinsi ninavyolitengeneza tundu ni hivi. Kata vipande vinne vya mninga au mkongo, kila kimoja mm 80 kwa 80, unene mm 30. Paini pia inaweza kufaa kwa kitu chepesi, ila kwa kabati la vyombo usibanie. Nyuzi za mbao zilale, zisisimame: tundu lipite kwenye ubavu wa mbao, kwa sababu upande wa kichwa hupasuka. Toboa katikati tundu la mm 12 mpaka litokee, drili ikiwa imesimama wima kabisa. Kama huna drili ya mezani, simamisha skwea au hata kipande cha mbao kilichopigwa randa pembe mraba kando ya biti, ukiangalia kwa pande mbili. Tundu likilala kidogo tu, gurudumu halitageuka sawasawa, litakuwa linapanda na kushuka.

Sasa nati ya meno. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kwa miaka. Nati hii ina bomba fupi lenye nyuzi na ukingo wenye meno ya kuchimba mbao. Ipige kutoka JUU ya kipande, upande ulio mbali na gurudumu. Ukiipiga kutoka chini, unapokaza shina, bega la gurudumu linabana ukingo wa nati yenyewe na mbao hazihusiki. Unahisi imekaza, kumbe chuma kimekumbatia chuma, na siku ya kizingiti vyote viwili vinatoka pamoja. Ikiwa juu, kukaza kunaibana mbao katikati, kati ya nati na gurudumu. Paka epoksi kidogo chini ya ukingo kabla ya kupiga, na angalia isiingie kwenye nyuzi.

Chini ya kipande, weka bamba la chuma la mm 3, ukubwa mm 60 kwa 60, tundu mm 11 katikati. Mchomeleaji yeyote atakukatia kutoka mabaki yake. Bamba hili ndilo linalokanyagwa na gurudumu, kwa hiyo bega la shina halichimbi mbao, na mshindo wa pembeni unatawanyika kwenye eneo pana. Kipande chote kinaingia kwenye kona ya chini ya kabati, kimegandishwa kwa gundi ya mbao na kufungwa kwa skrubu ndefu kutoka pande mbili, ili uzito wa ubavu wa kabati ukae juu yake moja kwa moja. Usikifunge katikati ya ubao wa chini. Ubao utapinda kama chaga ya kitanda.

Urefu wa shina hesabu mwenyewe. Bamba mm 3, mbao mm 30, nati nyembamba ya kufungia mm 5: jumla 38. Kwa hiyo shina la mm 40 linapita nati ya meno yote na kuchungulia juu kwa mm 2. Ukinunua la mm 25 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani, halitashika hata uzi mmoja wa maana.

Ile nati nyembamba isikose. Kila gurudumu linapogeuka, msuguano wake unalisukuma shina nalo ligeuke kidogo, na mara nyingine upande wa kufungua. Kwa wiki moja huoni kitu. Kwa mwaka limelegea. Unakaza gurudumu kwa mkono, kisha unairudisha nati nyembamba juu mpaka ibane bamba, unaikaza kwa spana. Nati ya M10 kwa kawaida ni spana namba 17, ingawa zipo zinazotaka 16. Kisha chora mstari mmoja wa rangi ya kucha unaopita kwenye nati na kwenye bamba. Siku mstari huo ukikatika, nati imetembea.

Tundu moja, kazi mbili

Ukishakuwa na nati ya M10 kwenye kila kona, umepata zawadi ambayo huenda hukuifikiria. Miguu ya kusawazisha, ile yenye kikanyagio cha plastiki na bolti juu yake, inauzwa kwa M10 pia. Unatoa gurudumu, unaingiza mguu kwenye tundu lile lile, unauzungusha mpaka kabati linyooke hata kama sakafu imelala. Hayo ndiyo maboresho makubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya kwenye kitu hiki, na yameongeza gharama kwa miguu minne tu. Fundi akikuuzia magurudumu ya kutolewa halafu baada ya kuyatoa kabati likalala kwa tumbo sakafuni, mwambie kazi haijaisha.

Kubadilisha hakuhitaji vijana wanne. Chukua mti wa mita 1.5, uingize chini ya upande wa kabati, weka gogo la kuegemea sentimita 15 kutoka ncha iliyo ndani. Kabati la kilo 120 upande mmoja una kilo 60 hivi, na kwa wenzo huo unahitaji kukandamiza kwa takriban kilo 7. Weka vipande vya mbao chini kwanza, ndipo uingize mkono. Toa vyombo vya juu kabla, na usimpe mtoto kushika mti.

Gurudumu lenyewe

Sasa ndiyo unaenda dukani. Uzito wa samani pamoja na vilivyomo gawanya kwa tatu, usigawanye kwa nne. Sakafu zetu hazijanyooka, na wakati wowote gurudumu moja huwa linaning'inia. Kabati la kilo 120, basi, linataka magurudumu ya kubeba angalau kilo 40 kila moja.

Kipenyo ndicho kinachoamua utasukuma au utaburuta. Kabati hilo hilo likikutana na ukingo wa kigae wa mm 5, magurudumu mawili ya mbele yakiwa na kilo 60, magurudumu ya mm 50 yanataka msukumo wa kilo 45 ili yapande. Ya mm 75 yanataka kilo 35. Ya mm 100 yanataka 29. Ndiyo maana vile vidogo vya mm 40 ninavyoviona chini ya makabati ya televisheni havivuki hata kamba ya chaji. Ukishayatoa magurudumu baada ya kazi, urefu wao hausumbui tena macho ya mtu, kwa hiyo huna sababu ya kubania: chukua mm 75 kwenda juu.

Ugumu wa gurudumu hufuata kinyume cha sakafu. Zulia linataka gurudumu gumu, vigae na saruji laini vinataka laini. Kiwango cha Ulaya cha viti vya ofisi, EN 12529, kimeyawekea alama H kwa gumu na W kwa laini, na unaweza kuyatambua kwa macho: la H lina rangi moja, la W lina mzunguko wa nje wenye rangi tofauti na katikati. Muuzaji wako huenda hajui hilo, lakini gurudumu linajieleza.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada. Poliyurethani ya bei nafuu mara nyingi ni ya aina inayoliwa na unyevu pamoja na joto. Niliwahi kufungua boksi la magurudumu niliyoyaweka stoo miaka michache, hayajawahi kugusa sakafu, nikayakuta yanavunjika kwa kidole kama biskuti iliyokaa nje. Raba ya kijivu au nailoni huvumilia zaidi. Angalizo la raba nyeusi: huacha madoa kwenye vigae vyeupe yasiyotoka kwa sabuni. Na fremu ya chuma iliyopakwa zinki, ukikaa karibu na bahari, itaanza kushika kutu kwenye beringi ya kugeukia. Tone la grisi kila mwaka linatosha.

Litazame gurudumu kwa ubavu. Ekseli haiko chini ya shina, imesogea nyuma. Umbali huo ndio unaolifanya lifuate njia, kama mbuzi nyuma ya kamba. Ukiwa mfupi sana gurudumu linakataa kugeuka. Ukiwa mrefu sana unaongeza kazi ya kupinda shina. Lakini kuna hatari nyingine ambayo watu hawaioni. Ukisukuma kabati kwenda mbele, magurudumu yote hurudi nyuma. Kabati lenye kina cha mm 400, shina likiwa mm 40 kutoka ukingoni na ekseli imesogea mm 30, linabaki limechungulia mm 70 mbele ya mahali linapokanyaga. Hapo likigonga kitu linaangukia mbele, na vioo navyo. Kwa hiyo kabati jembamba lisukume kwa upande wake mrefu, ubavu kwenda mbele, mikono yako ikiwa chini ya kiuno. Na likishatulia mahali pake, lifunge ukutani kwa pembe mbili za chuma kama kuna watoto.

Breki sitaizungumzia sana. Zipo zinazozuia gurudumu kuzunguka tu, na zipo zinazozuia kuzunguka na kugeuka pia. Hizi za pili ndizo breki. Zile nyingine huacha kabati linacheza kiuno palepale. Mbili zinatosha, upande ambao mguu unafika.

Kama samani ni kiti cha kugeukageuka siku nzima, tafuta gurudumu pacha, lenye vigurudumu viwili na nafasi katikati, lililobuniwa na msanifu wa Denmark Jørgen Rasmussen mwaka 1965. Likigeuka papo hapo, kimoja huzunguka mbele na kingine nyuma, hivyo halisagi sakafu. Gurudumu la samani si jambo la jana: huko Washington, David A. Fisher alipata hataza ya gurudumu la samani mwaka 1876. Miaka yote hii, na bado tunalipigilia kwenye chipbodi.

Kitu kizito zaidi

Kwa meza ya karakana au kitanda cha chuma, nyuzi si lazima. Chomelea kipande cha bomba kwenye mguu, gurudumu liwe na pini laini inayoingia bila kucheza sana, kina kisipungue mara tatu ya kipenyo cha pini. Toboa bomba na pini pamoja, upitishe pini ndogo ya kufungia, na uifunge kwa mnyororo mfupi isipotee. Kutoa gurudumu kunakuwa sekunde tano. Lakini litapiga kelele. Nati na nyuzi ni kimya zaidi, na mtu anayelala kwenye kitanda hicho atakushukuru.

Kabla hujamkabidhi mteja

Pakia kabati mzigo unaozidi kwa nusu ule litakaobeba, matofali yanafaa. Pigilia sakafuni kipande cha mbao cha mm 5, ulivushe mara 50, nenda na rudi. Angalia mistari ya rangi ya kucha. Angalia mistari ya rangi ya kucha. Shika kila gurudumu ulitikise: likicheza, tafuta tatizo kwenye mbao kabla ya kulilaumu gurudumu. Mimi hufanya hivi mteja akiwepo, maana akiliona kabati lake likivuka mara ya thelathini huwa haombi tena punguzo.

Yule mama wa Tabata nilimbadilishia kona zote nne bila kumtoza. Amehama mara mbili tangu hapo. Magurudumu yake yako kwenye mfuko wa unga, ndani ya droo ya chini, pamoja na spana namba 17. Nawe fungia spana yako hapohapo, maana siku ya kuhama ndiyo siku ambayo hakuna spana inayoonekana.